Saa Kumi ya Kavumu

Nilimwahidi dada yangu kwamba Jumatatu, kabla ya adhuhuri, atakuwa amesimama mbele ya dirisha la uandikishaji huko Kinshasa, vyeti vyake mkononi, viatu vyake havina tope. Nilitaja hata viatu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba yetu ya Kasha, akichambua maharage, nami nilisimama mlangoni na barua ya wizara, ambayo nilikuwa nimekwisha kuisoma kwa sauti mara nne kwa sababu mama alitaka kuisikia tena.

"Na viatu, ni wewe utavipanguza toka huku Kasha?" aliniuliza bila kuinua macho.

"Utashuka mu ndege moja kwa moja. Mu ndege hamuna matope."

"Basi sema ndege ndiyo itanifikisha. Usiseme ni wewe, yaya."

Yaya ni neno tunalomwitia aliyetutangulia kuzaliwa, na dada yangu alijua kulitamka kwa namna mbili: namna ya heshima, na namna ya kunikumbusha kwamba miaka minne niliyomzidi si kitu. Siku ile alilitamka kwa namna ya pili.

"Nasema ni mimi," nilimjibu.

Barua ilikuwa na mambo mawili ya maana. La kwanza, dada yangu amepewa nafasi katika kitivo cha tiba. La pili, ambaye hatafika mwenyewe kabla ya saa sita za mchana siku ya Jumatatu, nafasi yake itapewa mwingine aliye kwenye orodha ya kungojea. Pamoja na barua kulikuwa na tiketi ya ndege ya Jumamosi, kutoka kiwanja cha Kavumu, kaskazini ya mji wetu wa Bukavu, hadi kiwanja cha Kinshasa. Tarehe ilikuwa imepigwa chapa. Kisanduku cha saa kilikuwa kitupu.

Wasichana wa mtaa wetu waliokuwa wamemaliza sekondari walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Aliyekwenda kusomea udaktari hakuwapo. Dada yangu alikuwa ameanza kusaidia kwenye dispensari ya Bagira tangu akiwa mwanafunzi, kila Jumamosi, bila malipo, na siku moja muuguzi mzee wa huko alimwambia kwa wema kabisa kwamba katika chumba cha upasuaji mwanamume hushika kisu na mwanamke hushika taa. Alirudi nyumbani, akala, kisha akasema atashika kisu. Tangu siku hiyo hakusema kitu kingine.

Mimi nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha jiografia. Nilikuwa nimetoka katika chuo cha ualimu na imani nyingi kuliko vitabu, na imani yangu kubwa ilikuwa ramani. Ukutani mwa darasa letu palining'inia ramani ya Zaïre iliyochanika upande wa Shaba, na somo walilolipenda zaidi wanafunzi wangu lilikuwa lile la uzi. Mmoja alishika ncha ya uzi wa kushonea pale Bukavu, mwingine akauvuta hadi Kinshasa, kisha tukaulaza uzi ule juu ya kipimo cha ramani, tukahesabu. Kilomita elfu moja na mia tano, ukiongeza au ukipunguza kidogo. Ndege iliyokuwa ikija kwetu miaka ile iliufuata uzi huo kwa saa tatu hivi, kama haikutua njiani. Niliwafundisha pia kwamba saa zetu za mashariki zimeitangulia Kinshasa kwa saa moja. Mtu akiondoka Kavumu saa nne za asubuhi, atafika kule saa sita kwa saa za ukutani, ingawa tumbo lake litamwambia ni saa saba. Wanafunzi walicheka kila nilipofika kwenye tumbo.

Sikuwafundisha uongo. Kipimo kilikuwa sahihi, saa zilikuwa sahihi, na mtu yeyote mwenye uzi na ramani anaweza kuhakikisha. Ninachokasirikia ni kwamba nilijua kila kitu kilichopo kati ya viwanja viwili vya ndege, misitu, mito, hata mkunjo wa saa, na sikujua kwamba safari yenyewe huanza mahali pengine: kwenye mdomo wa mtu aliyeketi nyuma ya meza.

Alhamisi, baada ya masomo, nilikwenda kwenye ajansi ya ndege mjini kuulizia saa ambayo haikuandikwa kwenye tiketi.

Hapa lazima niseme juu ya kiapo changu. Tulipokuwa chuoni, sisi wanafunzi watano tulikubaliana kwamba hatutazungumza Kifaransa na raia mwenzetu aliyewekwa nyuma ya meza kutuhudumia. Nchi ilikuwa imebadili jina lake. Sisi wenyewe tulikuwa tumebadili majina tuliyobatizwa nayo, na badala ya bwana tuliitana citoyen, yaani raia. Tulivua tai, tukavaa abakosti, koti lisilotaka tai. Tuliambiwa tuwe watu wa asili, nasi tuliuliza swali moja ambalo hakuna mkufunzi aliyetujibu: kama tumekuwa watu wa asili, kwa nini mama anayetaka stempu ya barua anatokwa jasho akitafuta neno la kigeni mbele ya mtu aliyezaliwa na mama kama yeye? Basi tuliapa. Wengine waliona ni mchezo wa vijana. Mimi sikuona hivyo, wala sioni hivyo leo. Kanuni ile ilikuwa ya haki. Laiti ingekuwa ya kipumbavu, ningejilaumu, nikasahau, yakaisha.

Karani wa ajansi alikuwa mtu wa magharibi ya nchi, aliyehamishiwa kwetu mwaka uliotangulia. Alikuwa na Lingala yake, Kifaransa chake, na Kiswahili alichookota sokoni. Mbele yangu alikuwapo bwana mmoja mwenye abakosti mpya, ambaye aliinama juu ya meza, akanong'onezana naye, akaondoka akikunja kikaratasi. Kisha ikawa zamu yangu.

"Jambo, citoyen. Nimekuja kujua saa ya ndege ya Jumamosi. Tiketi ni ya dada yangu."

Aliitazama tiketi, akanitazama mimi, akatazama chaki iliyokuwa kwenye mkono wa nguo yangu.

"Iko molakisi, wewe?"

Molakisi, kwa Lingala, ni mwalimu. Nilikubali kwamba ni mimi.

"Jumamosi, saa kumi."

"Saa kumi?"

"Saa kumi. Na iko Kavumu, haiko hapa. Mukuje mbele, saa mbili mbele."

Hakuandika kitu. Sikumwomba aandike. Nilimshukuru kwa Kiswahili safi, nikatoka nje nikiwa na fahari ndogo ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanawaka.

Kila anayesoma maneno haya anajua kwamba saa kumi kwetu ni wakati jua linapopungua makali na watoto wanatumwa maji. Tunaanza kuhesabu jua likichomoza, na hesabu yetu ina akili yake. Mfaransa huanza kuhesabu katikati ya usiku, watu wote wakiwa wamelala, na hesabu yake nayo ina akili yake. Dix heures yake ni saa nne yetu ya asubuhi. Kwa hiyo kati ya kumi na kumi kuna saa sita, yaani muda wa kwenda Kinshasa kwa ndege na kurudi. Huko Bukavu tuliishi na kumi hizo mbili kila siku na hatukukoseana, kwa sababu aliyesema dix heures alisema kwa Kifaransa, na aliyesema saa kumi alisema kwa Kiswahili. Haikunijia akilini kwamba mtu anaweza kuchukua kumi ya huku akaivika nguo ya kule.

Ijumaa jioni nilimweleza mama mpango mzima. Mama alikwenda soko la Kavumu kila juma kununua maharage, na alisikiliza huku akikunja kitenge ambacho dada yangu angesafiri nacho.

"Ndege ya Kinshasa, ile kubwa?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Miye naionaga asubuhi. Tukiwa tungali tunapima maharage. Ya jioni sijapata kuiona."

"Wamebadilisha, mama."

"Na mvua nayo bamebadilisha?"

Ulikuwa mwanzo wa majira ya mvua, na katika majira hayo, kila baada ya adhuhuri, mawingu hushuka kutoka milimani yakafunika bonde lote la Kavumu. Mama alikuwa akinipa jiografia. Mimi nilifungua atlasi. Nilimwonyesha kwa kidole: ndege itaondoka saa kumi, ukiongeza saa tatu ni saa moja ya usiku kwetu, ukitoa saa moja ni saa kumi na mbili kwa Kinshasa, mwanga ungalipo, na baba mdogo, anayeishi huko, atakuwa anamngoja kiwanjani. Kila tarakimu iliingia mahali pake. Hesabu yangu ililipokea kosa bila kunung'unika, kama ambavyo ingeupokea ukweli.

"Kama ni kitabu kinasema," mama alisema, akaendelea kukunja.

Dada yangu alikuwa akifunga sanduku. Alisimama, mkono mmoja juu ya kifuniko.

"Yaya, ulimuuliza kama ni ya asubuhi ao ya jioni?"

"Saa kumi ni saa kumi," nilisema.

Hayo ndiyo maneno yangu. Sikuyasema kwa ukali, ila kwa subira, kama ninavyosema na mwanafunzi anayeuliza kitu kilichokwisha kuelezwa.

Jumamosi tuliondoka Kasha karibu na adhuhuri kwa kamionete, mama mbele kando ya dereva, sisi nyuma pamoja na sanduku. Mvua ilitupata njiani, ikapita. Tulifika Kavumu kabla ya saa nane. Uwanja ulikuwa mtupu hata nikafurahi, nikidhani tumewatangulia wote. Mama mmoja alikuwa akifagia maganda ya ndizi mbele ya jengo.

"Mumekuja kupokea nani?" alituuliza.

"Hatupokei, maman. Tumekuja kupanda."

"Kupanda nini?"

"Ndege ya Kinshasa."

Aliacha kufagia. Alimtazama dada yangu, kitenge chake kipya, sanduku lake, viatu vyake ambavyo kweli havikuwa na tope.

"Ile imeenda, mwanangu. Imeenda saa ine na nusu ya asubuhi."

Hatukuwa peke yetu. Ndani, juu ya benchi, walikuwa wameketi watu wawili na mizigo yao. Mmoja alikuwa katekista mzee kutoka Mwenga, ambaye mwanawe alikuwa amelazwa hospitali ya Kinshasa. Alikuwa ametumia siku mbili barabarani hadi Bukavu. Mwingine alikuwa mama mfanyabiashara mwenye vikapu viwili vya sambaza zilizokaushwa, dagaa wa ziwa letu. Niliwauliza waliambiwa nini.

"Mutu wa ajansi alinisemea saa kumi," alisema mfanyabiashara.

"Na miye, saa kumi," alisema katekista. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetufariji sisi: "Pengine iko ingine. Ile ilikuwa ya asubuhi, yetu itakuja saa kumi."

Mfanyabiashara alianza kufunika vikapu vyake.

Karani yule wa ajansi, ambaye siku za ndege alihamia uwanjani, alitoka katika ofisi ya huko na jalada chini ya kwapa, akifunga mlango kwa ufunguo. Nilimwendea.

"Citoyen, ulituambia saa kumi."

"Na iliondoka saa kumi. Saa kumi na dakika makumi tatu. Ilichelewa hata."

"Iliondoka saa nne na nusu."

Alitabasamu. Alikuwa na subira, na subira yake niliitambua, maana ilikuwa ileile niliyokuwa nimeitumia mimi usiku uliopita.

"Molakisi, dix kwa Kiswahili ni ngapi?"

"Kumi."

"Eh. Na wewe ndiyo unafundisha watoto kuhesabu."

"Papa," alisema mfanyabiashara kutoka kwenye benchi, "kwenu jua linatokaga saa ngapi?"

"Kwetu jua inatoka wakati inapenda, maman."

"Ndiyo maana muko mu giza."

Karani alicheka, hata akaonekana kufurahia jibu lile, akageuka kwenda zake. Hapo dada yangu alisimama mbele yake.

"Ndege ilijaa?"

"Ilijaa."

"Viti vyote?"

"Vyote, citoyenne."

"Na sisi watatu wenye tiketi tungefika asubuhi, tungekaa wapi?"

Karani hakucheka tena. Alihamisha jalada kutoka kwapa moja hadi lingine, akasema kwamba ndege nyingine ni Jumatano na kwamba tiketi zetu bado zinafaa, akaondoka kuelekea kwenye gari.

Mimi nilikuwa nimechunguza uzi, saa na ramani. Dada yangu aliuliza swali moja, na swali hilo lilikuwa halijapita hata karibu na kichwa changu. Mama mfagiaji, ambaye alikuwa amesikia yote, alimalizia kwa sauti ya chini.

"Mu viti mulikaa watu na mashu. Nilibeba mashu miye mwenyewe. Kuko kiti kizima kilikamata mashu tu, imefungwa mukaba."

Mashu ni kabichi. Kati ya Kavumu na Kinshasa, siku ile, kabichi ilisafiri imekaa.

Tulirudi Kasha. Mama hakusema kwamba alikuwa amenionya. Hajapata kulisema mpaka leo. Jumapili alikwenda misa ya kwanza na ya pili. Mimi nilijaribu njia nyingine zote nilizozijua. Meli ya Goma, ambako kulikuwa na ndege nyingine, ilikuwa imekwisha kuondoka. Ndege ya misheni ilikuwa upande wa Shabunda. Kwa barabara, kilomita zile elfu moja na mia tano za uzi wangu zilikuwa majuma, kama zingekubali kupitika. Kulikuwa na siku mbili na safari ya saa tatu, na siku mbili hazikutosha.

Jumatatu sikuingia darasani. Karibu na adhuhuri nilikuwa ajansini, nyuma ya foleni, nimesimama na tiketi ya dada yangu mfukoni. Nilikwenda kuomba nafasi ya Jumatano, lakini kabla zamu yangu haijafika nilianza kusikiliza. Bwana mmoja mnene alisogea mezani, akasalimu kwa Kifaransa.

"Mercredi, dix heures," karani alimwambia. "Soyez là à huit heures." Alikuwa akimwambia afike saa mbili ya asubuhi, akamwandikia kwenye kikaratasi.

Nyuma yake alikuwapo mama mwenye mtoto mgongoni. Alisalimu kwa Kiswahili.

"Jumatano, saa kumi," karani alimwambia. Hakumwandikia.

Akaja kijana wa benki. Dix heures, na kikaratasi. Akaja mzee mwenye kofia ya kufuma. Saa kumi.

Ningeweza kuamini kwamba mtu wa magharibi amekosea Kiswahili mara moja, hata mara kumi. Sisi sote hukosea lugha za wenzetu, na Lingala yangu mimi huwachekesha askari. Lakini mtu aliyewarudisha watu watatu kutoka uwanja mtupu siku ya Jumamosi, na akaambiwa machoni pake maana ya saa kumi ni nini, hasemi tena saa kumi siku ya Jumatatu kwa kutojua. Tiketi zilikuwa nyingi kuliko viti. Ilikuwa lazima wengine wabaki, na hakuna mtu aliyetaka kusimama mlangoni pa ndege akawaambia: wewe baki. Basi neno moja lilifanya kazi hiyo, bila kelele na bila aibu. Aliyekuja na Kifaransa alipita. Aliyekuja na lugha ya mama yake alianguka, na baadaye akaulizwa kama anajua kuhesabu.

Nilitoka kwenye foleni, nikamfuata mama mwenye mtoto mlangoni.

"Maman, ni saa ine ya asubuhi. Ufike Kavumu saa mbili."

"Amenisemea saa kumi."

"Ni saa ine ya asubuhi."

Nilimwambia pia mzee wa kofia. Kisha nikarudi na kuipita foleni yote, mtu kwa mtu, nikawaambia. Karani alinyanyuka, akaita mkubwa wake.

Mkubwa wa ajansi aliniingiza katika chumba cha nyuma, akaniacha nimesimama mbele ya meza yake. Nilimweleza yote kwa Kiswahili, kwa utaratibu, kuanzia barua ya wizara. Alinisikiliza akikwangua wino kwenye kidole.

"Lugha ya kazi hapa ni Kifaransa," alisema. "Uliuliza kwa Kiswahili, ukajibiwa kwa Kiswahili. Sasa unalalamika juu ya nini?"

Nilitazama saa iliyokuwa ukutani kwake. Ilikuwa imepita saa sita na nusu. Huko Kinshasa ilikuwa bado haijatimia saa sita, na dirisha lilikuwa bado wazi, na jina la dada yangu bado lilikuwa juu ya orodha. Dakika zile chache, ambazo darasani zilikuwa kichekesho cha tumbo, sasa ndizo zilizobaki. Nikavunja kiapo changu. Nilirudia malalamiko yangu yote kwa Kifaransa, kile kizuri cha chuoni, chenye vishazi virefu na vitenzi vyake vyote mahali pake. Kabla sijafika katikati, mkubwa yule alinyoosha mkono, akanivutia kiti.

Kiti kile sikukikalia, lakini hilo halikumsaidia mtu yeyote. Jumatano dada yangu alipata nafasi katika ndege, na najua vizuri kwamba aliipata kwa sababu ya vishazi. Katekista wa Mwenga sikumwona tena, na sijui kama alifika kwa mwanawe.

Ndege ilichukua saa tatu na robo. Baba mdogo alimpeleka dada yangu kitivoni Alhamisi asubuhi. Mtu wa dirishani alimwonyesha orodha, na jina lake lilikuwa limepigwa mstari, na chini yake limeandikwa jingine kwa mkono. Hakuwa mtu mbaya, dada yangu alisema. Alitafuta hata daftari la pili, akamwomba msamaha. Alimwambia kwamba kama angefika Jumatatu dakika tano kabla ya kufunga, wasingemwuliza lolote. Alimshauri aombe tena mwaka unaofuata. Mwaka uliofuata aliomba, wizara haikujibu. Mwaka mwingine aliomba, wakamjibu kwamba wamepokea.

Sasa anafundisha darasa la kwanza huko Luvungi, kwenye tambarare ya Ruzizi, watoto sitini chumbani. Karani yule wa ajansi amepanda cheo. Nimemwona mwenyewe akiwa na ofisi yenye pazia. Mara ya mwisho nilipomtembelea dada yangu nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, maneno ya mtu aliyesoma, juu ya subira, na juu ya Mungu ambaye huenda alikuwa na mpango mwingine. Aliniacha niyaseme yote, akisahihisha madaftari ya watoto kwa kalamu nyekundu.

"Yaya," alisema nilipomaliza, "usinisemee ni Mungu alipanga. Ni mutu alipanga. Na wewe ulimusaidia, kwa sababu ulikuwa na haya ya kuuliza mara ya pili."

Hakuinua macho. Nilitaka kumweleza habari za kiapo, kwamba haikuwa haya bali kanuni. Kisha nikakumbuka kwamba kuuliza "ya asubuhi au ya jioni" nako ni Kiswahili, Kiswahili cha kila mtu, na kwamba kanuni yangu haikunizuia kuuliza hivyo. Kilichonizuia ni kwamba nilitaka karani yule anione mtu asiyehitaji kuelezwa. Alinipa madaftari kumi nimsaidie kusahihisha, nikasahihisha.

Kwa hiyo sina mafundisho ya kumpa msomaji, nina ombi. Mtu akikuuliza saa, ya ndege, ya meli, ya mtihani, ya daktari, mtajie saa na umtajie ni ya asubuhi, ya mchana au ya jioni. Umwandikie, hata kama hakuomba. Na kama ni wewe unayeuliza, tafadhali uliza mara mbili.